Mtani wa Lugembe

Jaji Dafrosa alikuwa barazani kwake Isevya, ungo wa karanga mapajani, Agnetha alipobisha hodi. Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, amevaa nadhifu, ila kiatu kimoja amekishika mkononi kwa sababu mkanda wake ulikatika stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vuta hicho kigoda ukae."

Dafrosa hakumuuliza amefuata nini. Tangu astaafu, baraza ile haikukauka watu: huyu ana mgogoro wa kiwanja, yule amenyang'anywa mirathi na mashemeji, mwingine hana shida yoyote, amemleta bintiye tu amwone jaji mwanamke yukoje. Maana Tabora nzima ilimjua. Baba yake alikuwa fundi wa reli, Mgogo aliyehamishiwa Tabora akahamia na watoto. Binti akasoma kwa masista, akawa hakimu siku zile ambapo akiingia mkutanoni wanaume walidhani amekuja kuleta chai, na mwisho akawa mwanamke wa kwanza kusikiliza kesi za mauaji katika kanda ile. Mwezi uliofuata ukumbi mpya wa mahakama ungepewa jina lake. Kibao kilishachongwa, na yeye, tuseme kweli, alikwishapita kwa fundi mara mbili kukichungulia.

"Naitwa Agnetha," mgeni akasema. "Agnetha Mathias Lugembe. Natoka Puge."

Karanga zilizokuwa mkononi mwa Dafrosa zilianguka sakafuni. Akainama kuziokota, akachelewa kuinuka.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai, ila mapafu yamekwisha. Anakohoa damu. Ninamwombea msamaha ili atoke afie nyumbani. Wameniambia ombi peke yake halisaidii, kila mfungwa ana ombi. Wanataka sababu."

"Na sababu unayo?"

"Sababu ni wewe, mama." Agnetha hakupandisha sauti. "Mzee Yahaya, yule mzee wa baraza aliyekaa nawe kwenye kesi ya baba, alifariki mwezi wa Ramadhani. Kabla hajafa aliniita. Akaniambia kwamba siku ile alikueleza kwa nini baba hana hatia, na wewe ukaweka kalamu chini. Nakuomba uandike alichokwambia. Ni hicho tu nilichofuata."

Sasa hapa inabidi turudi nyuma, kwa sababu hata mtu akilisoma jalada la kesi ile ukurasa kwa ukurasa, hatakiona anachokisema Agnetha.

Mwaka tisini na sita, pale Puge, aliishi Mgogo mmoja anaitwa Bernardo, mfugaji, mtu wa maneno mengi na ng'ombe wachache. Jirani yake alikuwa Mathias Lugembe, Mnyamwezi, mkulima wa mpunga. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wa huku walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita Ugogo wakiwa na kiu. Basi Bernardo na Lugembe walitaniana kama inavyopasa. Huyu akimkuta mwenzake anakula, anachukua sahani. Yule akimkuta mwenzake amelala, anamwita maiti na kuwauliza watoto watazika lini.

Asubuhi moja Lugembe alimkuta Bernardo kwenye jaruba la mpunga, kichwa kimepasuliwa. Nani alimpiga, mpaka leo hakuna anayejua. Lugembe akambeba mgongoni mpaka nyumbani, damu ikamshuka shati zima. Polisi wakaja, daktari akaja, mwili ukaruhusiwa kuzikwa. Na kwenye mazishi Lugembe akafanya kazi ya mtani. Alichimba kaburi, kisha akaingia humo akalala chali, akagoma kutoka. Watu walipomsihi, akapaza sauti: "Nimemuua mimi! Alikuwa mchoyo, nimemchoka. Na mke wake namchukua leo hii. Nipeni koti lake nitoke, la sivyo nitaongeza mwingine." Mjane na wafiwa wenzake walicheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Wakampa koti, akatoka, Bernardo akazikwa.

Ila palikuwa na shemeji wa marehemu aliyetoka mbali, mtu wa mgambo, ambaye kwao mambo hayo hayapo. Yeye alisikia mtu amekiri mauaji mbele ya kijiji kizima. Akaenda kituoni. Wakaja wakamchukua Lugembe pamoja na lile shati.

Kesi ilisikilizwa Nzega. Wakili aliyepewa Lugembe alilipokea jalada asubuhi ya kesi yenyewe, akalisoma akiwa amesimama, akamwambia mteja wake akane kila kitu. Lugembe, mtu wa jembe, akaona msomi ndiye anayejua. Alipoulizwa kama alisema maneno yale, akajibu, "Sikusema." Wakaja mashahidi watatu wa Puge, mmoja baada ya mwingine.

"Ulimsikia akisema amemuua?"

"Nilimsikia, lakini pale ilikuwa..."

"Jibu swali. Ulimsikia au hukumsikia?"

"Nilimsikia."

Aliyesema "jibu swali" alikuwa Jaji Dafrosa mwenyewe. Alisifiwa kwa hilo. Kesi alizozikuta zimelala miaka sita alizimaliza kwa miezi, kwa sababu hakuwaachia mashahidi nafasi ya kuzungukazunguka.

Na ni lazima ieleweke jinsi kazi ilivyofanyika siku zile. Mashine za kurekodi hazikuwepo. Shahidi alisema kwa Kinyamwezi, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe, na majaji wa rufani, huko mbali walikokaa, wakasoma alichoandika. Alichokiandika ndicho kilichosemwa. Ambacho hakukiandika, hata kama ukumbi mzima ulikisikia, hakikusemwa.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, jua linawaka, wote wamechoka. Wazee wa baraza watatu wakatakiwa kutoa maoni, kama sheria ilivyotaka wakati ule. Wawili walisema ana hatia, wakakaa. Mzee Yahaya, fundi cherehani wa Tabora mjini, akasimama na kofia yake mkononi.

"Mheshimiwa, hana hatia," akasema. "Maneno yale aliyasema, amekana kwa woga tu. Lakini ni maneno ya mtani kaburini. Mimi mwenyewe nimeyasema kwenye misiba isiyo na hesabu. Kama ni kunyonga, tunyongwe wote. Na ile damu ni ya kumbeba."

Dafrosa alikuwa ameandika: Mzee wa baraza wa tatu, hana hatia. Hapo akaweka kalamu chini. Akamsikiliza Yahaya mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Asante, mzee, kaa." Baada ya hukumu Lugembe alipoulizwa kama ana neno, alimtazama usoni akasema, "Mheshimiwa, wewe mwenyewe unajua." Dafrosa akaandika kwamba mshtakiwa hana la kuongeza.

Na kweli alijua. Tusimpambe. Alikuwa Mgogo, amekulia Tabora, ametaniwa na Wanyamwezi tangu akiwa na meno ya utoto. Babu yake alipozikwa, Mnyamwezi mmoja alilala kaburini mpaka akapewa mbuzi. Alijua kama anavyolijua jina lake. Ila juma lililotangulia, huko Igunga, alikuwa amewaachia huru watu wawili mfululizo, na jioni akipita kwenye korido ya nyumba ya wageni akawasikia mawakili wakicheka: mama huyu angefaa uuguzi, huruma imemzidi. Alikuwa peke yake, mwanamke wa kwanza, na kila hukumu yake ilipimwa na watu waliokuwa wakisubiri ateleze. Akajiambia kwamba desturi ya utani haikutolewa kwenye ushahidi, na jaji haruhusiwi kuleta ya kwao mahakamani. Lilikuwa jambo la kisheria kabisa. Alilitumia kama mtu anavyotumia mlango wa nyuma.

Akamhukumu kunyongwa. Majaji wa rufani wakasoma, wakaona mshtakiwa muongo, mashahidi watatu, shati lenye damu, na mzee wa baraza mmoja aliyesema hana hatia bila kutoa sababu. Rufani ikatupwa. Miaka ikapita, kitanzi kikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na Dafrosa akaendelea kupanda ngazi. Baada ya Nzega hakuna aliyemwita muuguzi tena.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya zile karanga zilizoanguka.

"Nitaandika," alimwambia Agnetha.

Agnetha alikuwa amejiandaa kulia, kubembeleza, pengine hata kutukana. Jibu lile lilimkosesha la kufanya. Akavaa kiatu chake kibovu, akakivua tena.

"Utaandika kweli, mama?"

"Leo hii."

Na akaandika. Kurasa nne, hati ya kiapo, kwa mkono ule ule. Aliandika maneno ya Mzee Yahaya yote, mpaka lile la kunyongwa wote. Aliandika alichosema Lugembe kizimbani. Aliandika kwamba yeye, Dafrosa, alijua, na kwamba aliogopa kuitwa mwenye huruma. Alipomaliza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minane, na wepesi ule ulimdanganya. Alidhani aliyefunga anaweza kufungua.

Aliipeleka kwa Erasmus, msajili wa mahakama, ambaye zamani alikuwa karani wake na kila alichokijua cha kazi alijifunza kwake. Erasmus alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasoma amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu akavua miwani.

"Mheshimiwa mama," akasema, "nitaituma juu na barua yangu. Lakini sitaki kukudanganya. Unakumbuka uamuzi wako wa mwaka tisini na nane?"

Aliukumbuka. Kijana wa Urambo alikuwa amelalamika kwamba shahidi wake alisema mengi ambayo hakimu hakuyaandika. Dafrosa akaandika uamuzi mzito, wenye Kiingereza kizuri, kwamba kumbukumbu za mahakama haziguswi, kwamba zikianza kubishiwa na kila anayedai yalisemwa mengine, basi hakuna kesi itakayokwisha. Uamuzi ule ulishika. Majaji wenzake wakaunukuu, ukafundishwa vyuoni. Wanafunzi waliukariri bila kujua aliyeuandika alikuwa akimfikiria nani.

"Ule ulikuwa wa mtu mwingine," akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini sasa ndio sheria."

Dirishani mafundi walikuwa wanapaka rangi ukumbi mpya. Erasmus, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akamuuliza siku ya sherehe angependa kukaa upande gani.

Wiki iliyofuata Dafrosa alikwenda gerezani. Askari walimpigia saluti, wakamtafutia kiti chenye mto. Lugembe alikuwa chumba cha wagonjwa, amekonda mpaka blanketi lilionekana halina mtu chini yake. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha meno yake machache yakaonekana.

"Mbukwenyi, mtani," akamwamkia kwa Kigogo.

Hakuna aliyemwita Dafrosa mtani tangu awe jaji. Watu walimwita Mheshimiwa, wakamwita Mama, wakasimama alipoingia.

"Mwangaluka," akajibu, kwa Kinyamwezi cha utotoni.

"Umenenepa. Wagogo na njaa yenu ile, leo mmekuwa hivi? Nijibu basi. Nitatania peke yangu kama kichaa?"

"Sikuja kutania, Mathias. Nimekuja kukwambia nimeandika. Yote aliyosema Yahaya nimeyaandika."

Lugembe akavuta pumzi kwa shida. "Na nilipokwambia kwamba unajua. Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba huna la kuongeza."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, muuguzi akaja kumkalisha. Kitambaa kilitoka kinywani chekundu. Alipopata nafasi ya kusema, alisema polepole, hana hasira hata kidogo, na Dafrosa alitamani angekuwa nayo.

"Siku ile askari walikuwa wameniambia jaji ni Mgogo. Nikafurahi. Nikasema huyu ni mtani wangu, haniui mtani. Uliposoma kwamba nitanyongwa, nikajua unanitania. Nikasubiri ucheke. Wamenishusha kizimbani nasubiri. Wamenipakia garini, bado nachungulia dirishani nikuone ukitoka unacheka. Tumefika mpaka Puge, gari halikusimama, nikaona nyumba yangu inapita. Hapo ndipo nilipojua hukuwa unatania."

Dafrosa alilia. Hakuwahi kulia mbele ya mfungwa, wala hakuwahi kulia mbele ya askari, na sasa alilia mbele ya wote.

"Usilie, utawafundisha hawa tabia mbaya," Lugembe akasema. "Sikia. Tangu wanichukue, hakuna anayetania msibani Puge. Nani atathubutu? Wanazika kimya, kama polisi wamesimama nyuma ya mlango. Watoto wa Bernardo walihama. Mtani hakuna. Nikifa, njoo unizike wewe."

"Hutakufa humu. Nimeandika."

"Haya," akasema, kama mtu anavyomkubalia mtoto.

Majibu yalikuja Oktoba, barua ya ukurasa mmoja. Ofisi husika ilimshukuru Mheshimiwa Jaji Mstaafu kwa moyo wake wa kibinadamu. Ilisikitika kwamba mzee wa baraza aliyetajwa alikwishafariki na hawezi kuhojiwa. Ilikumbusha kwamba kumbukumbu za kesi hazina maneno hayo, na kwamba kumbukumbu za mahakama haziguswi, kama alivyoeleza kwa ufasaha yeye mwenyewe katika uamuzi wake unaojulikana. Waliunukuu mistari mitano. Alisoma maneno yake mwenyewe yakimjibu, na hakuona pa kuyapinga. Aliyaandika vizuri mno.

Alikwenda mara nyingine kwa Erasmus, akaenda kwa wakili aliyemheshimu, akampigia simu jaji mwenzake mstaafu. Wote walimsikiliza. Wakamwambia apumzike, presha isije ikampanda, kesi ni ya zamani, alifuata sheria. Mmoja akamwambia kwa upole kwamba uzee huleta majuto ambayo hayana msingi.

Kabla ya hapo, Septemba, sherehe ya ukumbi ilikuwa imekwishafanyika. Alikuwa amewaandikia kwamba hastahili, waondoe jina lake. Hakuhudhuria. Aliyoyasikia baadaye ni kwamba barua yake ilisomwa mbele ya wageni kama mfano wa unyenyekevu, watu wakasimama kupiga makofi, na kibao kikafunuliwa.

Lugembe alifariki mwanzoni mwa Novemba, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha siku mbili. Agnetha alipiga simu asubuhi.

"Mama, baba ametangulia. Wametukabidhi mwili, tunazika kesho Puge. Aliacha neno kwamba mtani wake aje."

"Nitakuja."

"Sikulazimishi."

"Nimesema nitakuja, mwanangu."

Barabara ya Puge sasa ni lami tupu. Njia nzima Dafrosa alikuwa akipanga maneno. Alikuwa amemaliza kila mlango: ofisi imemkatalia, mahakama imempamba, wenzake wamemwona mgonjwa. Kilichobaki kilikuwa kijiji kile. Wao hawakuhitaji hati ya kiapo. Angewaambia kwa mdomo wake kwamba Lugembe hakuwa muuaji, kwamba yeye alijua, kwamba alimfunga mtu wao maisha yake yote ili asiitwe muuguzi. Wangemtemea mate, wangemfukuza, pengine wangempiga mawe, na angalau mtu mmoja duniani angekuwa amemsadiki. Alilitaka hilo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Padri alimaliza sala. Watu walikuwa wengi, wamesimama kwenye udongo mbichi, na kimya chao kilikuwa kile alichokielezea Lugembe. Hakuna aliyeingia kaburini, hakuna aliyedai kitu. Vijana wakashika kamba za jeneza.

"Ngojeni," Dafrosa akasema.

Alitembea mpaka ukingoni, mwanamke wa miaka sabini na minne na gauni lake jeusi la kanisani, akakaa juu ya udongo, miguu ikaning'inia kaburini. Vijana wakasimama na jeneza mikononi. Hakuwa amekusudia kukaa.

"Hazikwi mtu hapa mpaka mnisikilize," akasema. "Mimi ni Dafrosa, Mgogo. Nimemuua mimi."

Kisha bibi mmoja, mzee sana, mwenye mkongojo, akatoa sauti kooni. Ilikuwa kicheko.

"Mtani amekuja," bibi akasema. "Jamani, mtani amekuja."

"Sitanii," Dafrosa akasema. "Nisikilizeni. Nimemuua mimi, kwa kalamu."

"Kwa kalamu!" mwanamume mmoja akarudia, na kicheko kikapita kwa watu kama moto kwenye majani makavu. Miaka ishirini na minane walikuwa hawajacheka makaburini. Wanawake walishikana mabega. Mjane wa jirani alikaa chini kabisa, anajifuta uso kwa kanga, analia na kucheka pamoja, kama watu wa Puge walivyocheka siku ile ya Bernardo.

"Nilijua hana hatia! Yahaya aliniambia, nikaweka kalamu chini. Niliogopa kuchekwa. Nikamfunga!"

"Na leo umekuja kula ubwabwa wake!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Wagogo hamna haya!"

Kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nyuso zao zilivyofunguka. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuona hata mmoja aliyemchukia. Wengine walimpigia makofi kwa shukrani, kwa sababu amewarudishia kitu ambacho hawakujua kama kingerudi, na katika bibi yule wa gauni la kanisani hakuna aliyemtambua jaji wa Nzega aliyekichukua. Akafunika uso kwa viganja, na hilo nalo wakalicheka.

Agnetha peke yake hakucheka. Alitoka kwenye kundi la ndugu na mfuko wa plastiki mkononi, akachuchumaa karibu naye. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati jipya, bado lina pini na karatasi ngumu ya kwenye kola.

"Nilimnunulia atokee nalo," akasema kwa sauti ya chini. "Nguo za marehemu ni za mtani. Chukua, tuachie tuzike."

"Agnetha, nimesema kweli. Wewe unajua nimesema kweli."

"Najua, mama. Lakini hapa hakuna anayeandika."

Dafrosa akalipokea shati. Watu wakashangilia, wanaume wawili wakamshika mikono wakamwinua kwa heshima, wakamsogeza pembeni, na jeneza likashushwa.